Nauli ya Kurudi Kliniki Italipwa na Nani?

Mjadala kuhusu upasuaji wa hisani kwa watoto wenye mtoto wa jicho, mwambao wa Ziwa Mweru

Barabara ya kutoka Mansa, nchini Zambia, hufuata bonde la mto Luapula, ikapita Mwansabombwe kwa chifu Mwata Kazembe, hadi kulikuta Ziwa Mweru pale Nchelenge na Kashikishi. Ng'ambo ya maji ni Kongo: Kilwa, na juu zaidi Pweto. Lugha ya nyumbani huku ni Kibemba, lakini Kiswahili hakikosekani. Kilikuja na misafara ya biashara katika karne ya 19, kikabaki vinywani mwa wachuuzi wa samaki, na tangu 2018 kina makazi yake Mantapala, walikopokelewa wakimbizi waliotoka upande wa Pweto.

Kiswahili hicho ndicho kinachowakutanisha wasemaji wa mjadala huu. Sikuwapa majina kwa kuwa si watu mahususi. Ni misimamo ambayo yeyote anayelifuatilia suala hili ataitambua. Yupo MAMA, mkimbizi mwenye mtoto mgonjwa. Yupo MUUGUZI wa macho. Yupo MZEE aliyevua na kuuza samaki pande zote mbili za ziwa. Yupo MTU WA SHIRIKA, anayetafuta fedha nje. Yupo MWALIMU. Mimi nimejipa kazi ya kuongoza, na ya kuingilia panapohitajika.

Hoja iliyo mezani: mashirika ya hisani yaendelee kuwafanyia watoto wetu upasuaji wa mtoto wa jicho kwa utaratibu uliopo.

MTU WA SHIRIKA: Ndugu zangu, jambo la kwanza ni muda. Mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito kwenye macho yote mawili anatakiwa kufika kwa daktari mpasuaji ndani ya wiki nane hadi kumi za mwanzo. Miezi ile ndiyo ubongo unajifunza kuona. Ukikosa picha, njia za kuonea zinadumaa, na hata ukilisafisha jicho baadaye ubongo haujui la kufanya na mwanga. Sasa niambieni, ni nani mwingine wa kumwahi mtoto huyo? Serikali ina malaria, na Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zinazoteswa zaidi na malaria Zambia nzima. Ina uzazi, ina UKIMWI, ina kipindupindu. Watoto wenye mtoto wa jicho ni wachache, hawafi kwa ugonjwa huo, wala hawana mtu wa kuwasemea bungeni. Kisichoua husubiri mwisho wa foleni. Hisani ipo kwa ajili ya huyo wa mwisho.

MZEE: Kijana wangu, umesema vizuri, lakini sikiliza na habari ya bonde hili. Miaka ya 1960 na 1970 Luapula iliandikwa katika majarida ya madaktari kwa sababu ya upofu wa watoto wake. Surua inaingia kijijini. Mtoto ambaye mwili wake hauna akiba ya vitamini A anaungua homa, macho yanakauka, kioo cha jicho kinaingia kidonda. Mama anahangaika, anakamulia dawa ya majani. Wiki ya pili jicho limekwisha, na hapo hakuna daktari wa kulirudisha. Balaa lile lilipunguzwa na nini? Sindano ya surua. Matone ya vitamini A kliniki. Sukari, ambayo tangu 1998 inatakiwa iongezwe vitamini hiyo kabla ya kuuzwa nchini. Kisu hakikuwamo. Ndiyo maana nikimwona mtu anachangisha fedha za kisu, namwuliza: kwa nini usizipeleke kwenye sindano?

MUUGUZI: Bashikulu, babu yetu, kwa heshima yako, hayo ni magonjwa mawili. Ulilolitaja ni la kioo cha mbele. Mtoto wa jicho yuko nyuma yake, kwenye lenzi. Lenzi inapoteza uangavu na mboni inaonekana nyeupe. Lakini hoja yako ya sindano inashika hata hapa. Mwaka 1941, huko Sydney, daktari wa macho Norman Gregg aligundua kuwa wengi wa watoto wachanga aliokuwa akiletewa na ugonjwa huu, mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa mimba. Kwa mama ni vipele na homa ya siku chache, anaisahau. Kwa mtoto aliye tumboni ni macho, masikio na moyo. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, Zambia 2016. Hapa kwetu mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, akarudia akiwa na miezi 18.

MZEE: Basi tumekubaliana.

MUUGUZI: Tumekubaliana nusu. Wapo waliorithi. Wapo waliochomwa jicho na kijiti au ndoana. Wapo ambao hatutajua chanzo. Na chanjo haimrudii aliyekwisha kuzaliwa. Huyo utamwambia nini?

MZEE: Nitampa pole. Ila sitamdanganya kwamba fedha ziko nyingi.

MAMA: Wa kupewa pole ndiye mimi, kwa hiyo naomba nafasi. Binti yangu alizaliwa baada ya sisi kuvuka. Akiwa na miezi minne niliona weupe katikati ya jicho, na macho yenyewe yanachezacheza, hayatulii. Kila nikimpeleka zahanati ana homa. Wanampima malaria, anayo, wanatupa dawa, tunarudi. Jicho halikuangaliwa kwa sababu mimi nilisema homa. Amefika mwaka na nusu, munganga mmoja akawasha tochi. Akaniambia mtoto atapasuliwa Kitwe, bure. Nikamwuliza: bure kuanzia wapi?

MTU WA SHIRIKA: Upasuaji wote, mama. Dawa, lenzi, kitanda.

MAMA: Kitanda kiko Kitwe, mimi niko huku. Basi la mkato kutoka Mansa linavuka daraja la Chembe, linaingia ardhi ya Kongo, linatokea Mokambo, ndipo Mufulira na Kitwe. Kwenu ni mkato. Kwangu ni nchi niliyoikimbia. Nikidaiwa karatasi pale mpakani nitatoa ipi? Njia nyingine ni kuzunguka Serenje na Kapiri Mposhi, na ukiiona kwenye ramani utachoka kabla hujapanda. Kabla ya hapo natafuta kibali cha kutoka makazini. Watoto wengine nawaacha kwa nani? Mume wangu naye alisikia kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa, likarudishwa. Hakuna aliyekaa naye kumweleza.

MTU WA SHIRIKA: Ndiyo sababu tunataka kuwaletea madaktari hapa hapa. Kambi ya macho. Tumeziona kwa watu wazima: mzee anapigwa ganzi, hata nusu saa haiishi, kesho yake bandeji inatoka na anawatambua wajukuu. Hakuna tiba nyingi duniani zenye faida kubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo.

MUUGUZI: Kwa watu wazima nakuunga mkono mikono miwili. Kwa mtoto, hapana. Mtoto hatulii kwa ganzi ya jicho. Anataka nusukaputi, na nusukaputi ya mtoto mchanga inataka mtaalamu wake, mashine yake, na mahali pa kumkimbiza akizidiwa. Halafu jicho la mtoto lina tabia zake. Ukitoa lenzi ukaacha utando wa nyuma kama ulivyo, kwa mtoto mdogo utafunga ukungu tena ndani ya muda mfupi. Mpasuaji lazima aufungue palepale na kuondoa sehemu ya ute ulio nyuma yake. Hiyo si kazi ya kuja Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Tena weupe wa mboni wakati mwingine ni saratani ya jicho, na hapo kinachookolewa ni uhai.

Hapa naingilia. Mpango wa dunia wa kupambana na upofu, uliozinduliwa mwaka 1999 kwa jina la VISION 2020, ulipendekeza kituo kimoja cha rufaa cha macho ya watoto kwa kila watu milioni 10. Sensa ya 2022 iliikuta Zambia na watu wapatao milioni 19.6. Vituo viwili, basi, na viwili vipo: Kitwe, ambako shirika la Orbis limesaidia kwa miaka mingi kujenga uwezo wa kitengo cha macho, na hospitali ya macho ya Chuo Kikuu mjini Lusaka. Kwa hesabu hiyo, kinachomkwamisha mama huyu ni masafa, karatasi na nauli. Kujenga chumba cha tatu cha upasuaji hakutamfikisha mtoto wake kokote.

Tanzania ilikwisha kulipima jambo hili. Watafiti waliowafuatilia watoto waliofikishwa hospitali ya KCMC, Moshi, walichapisha matokeo yao mwaka 2005: kati ya siku mzazi alipogundua kasoro na siku mtoto alipofika hospitali, ilipita wastani wa karibu miaka mitatu. Umbali ulichangia, na elimu ya mama pia. Dawa waliyoijaribu baadaye ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu mmoja aliyeajiriwa kuwafuatilia watoto kwa majina, simu ya kumkumbusha mzazi, na kumrudishia nauli. Mahudhurio ya kliniki baada ya upasuaji yalipanda sana.

MTU WA SHIRIKA: Hayo nayajua, na nakiri mfuatiliaji ni muhimu. Lakini mniruhusu niseme ukweli wa kazi yangu. Mfadhili aliye London au Texas hatoi fedha kwa ajili ya nauli ya basi la Serenje. Anatoa kwa ajili ya upasuaji mmoja, mtoto mmoja, picha moja. Januari 2023 MrBeast, yule wa YouTube, alitoa video ya watu 1,000 aliowalipia upasuaji wa mtoto wa jicho, mamilioni waliitazama. Walimsema sana, kwamba anajitafutia sifa kwa shida za watu. Lakini watu wale waliona. Mngependelea wasione, ili sisi tubaki na heshima zetu?

MWALIMU: Nitakujibu mimi. Picha ile inafundisha watu uongo kuhusu mtoto. Mtu mzima aliona miaka 60, ukungu ukamfunika, ukaondolewa, anarudi alikokuwa. Mtoto wa huyu mama hajawahi kuona. Bandeji ikitoka, hakuna alikokuwa pa kurudi.

MUUGUZI: Ni kweli. Niliyoyaona mimi ni haya. Bandeji inatoka, mtoto analia, anafumba macho kwa sababu mwanga unamwumiza. Mama yuko mbele yake anatabasamu, mtoto hamwangalii. Anageukia dirisha. Mama ananitazama mimi, namwona anafikiri tumemtapeli. Wiki zinapita, siku moja kijiko kinapita mbele ya mtoto na macho yanakifuata. Siku hiyo hakuna kamera.

Naingilia tena: utafiti uliofanyika India unamuunga mkono Muuguzi. Profesa Pawan Sinha na wenzake wa mradi wa Prakash waliwachunguza watoto waliopasuliwa wakiwa wakubwa, wengine wamevuka umri wa miaka 8. Mwaka 2011 walieleza kuwa watoto hao, mara tu baada ya kupata kuona, hawakuweza kukitambua kwa macho kitu walichokwisha kukishika kwa mikono. Walijifunza baada ya siku kadhaa. Mradi huo ulithibitisha pia kwamba aliyechelewa hajapoteza yote. Uoni wake hautakuwa mkali, lakini utamtosha kutembea bila fimbo na kutambua watu.

MWALIMU: Na huyo aliyechelewa ndiye ninayempokea mimi. Amepasuliwa akiwa na miaka saba, ripoti imeandika ameona, kila mtu amepongezwa. Kwa kuwa ameona, hapelekwi shule maalumu ya St. Mary's kule Kawambwa, ambako wangemfundisha Breili au kumpa kitabu cha herufi kubwa. Analetwa darasani kwangu, akae na wenzake wengi, asome ubao ambao kwake ni ukuta mweusi wenye mistari ya kijivu. Mwisho wa muhula anaonekana mjinga. Namhamishia dawati la mbele, nasoma kwa sauti ninachoandika, basi. Upasuaji umemtoa kwa vipofu bila kumfikisha kwa wanaoona, na hakuna bajeti ya mtu aliye katikati.

MUUGUZI: Hajafika kwa sababu miwani imepotea. Watu hawasemi habari ya miwani. Jicho la mtoto linakua haraka, hasa miaka miwili ya kwanza. Hata akiwekewa lenzi bandia, nguvu ya miwani inabadilika, na mchanga asiyewekewa lenzi bila miwani nzito hana uoni. Namfungia mama miwani ya mtoto kwa ukanda wa mpira nyuma ya kichwa. Mtoto anaivua. Anaitafuna. Mwingine kaitupa ziwani kutoka kwenye mtumbwi. Pale ambapo jicho moja ni zuri kuliko lingine, zuri linazibwa saa kadhaa kila siku ili dhaifu lilazimike kufanya kazi, na mtoto anapigana. Halafu kuna presha ya jicho, ambayo inaweza kujitokeza miaka baadaye kwa aliyepasuliwa akiwa mchanga, ikala uoni wote kimyakimya. Ukimpasua mtoto, umeandikisha deni la miaka kumi. Nani amelitia sahihi?

MTU WA SHIRIKA: Miradi yetu ni ya miaka mitatu.

MZEE: Basi amelitia sahihi mama.

MAMA: Nitalitia hata bila kulisoma, mzee. Lakini msiniondolee kitu kwa sababu hakijakamilika. Nawasikia mnasema hisani ina kasoro, picha ni uongo, kambi haifai, fedha ziende kwenye chanjo. Yote naamini. Mwisho wa maneno hayo, binti yangu anabaki alivyo. Mimi nitapiga picha. Nitacheka kwenye kamera mkitaka. Mnitafutie kibali na nauli, ya kwenda na ya kurudi, na mara ya pili, na mara ya tatu.

MWALIMU: Dada yangu, hupaswi kulipia jicho la mwanao kwa sura yake. John Wilson aliyeanzisha shirika lililokuja kuitwa Sightsavers, mwaka 1950, mwenyewe alikuwa kipofu tangu umri wa miaka 12, kwa ajali ya maabara ya shule. Alichangisha fedha akiwa anazungumza na wafadhili kama mtu anayejua anachokisema. Hisani inaweza kusimama bila kumdhalilisha anayepewa.

MTU WA SHIRIKA: Nakubali kuhusu picha. Ila nami niulize. Mama ametaja kibali, nauli, mtu wa kumweleza mumewe, miwani. Hakuna hata kimoja kinachohitaji daktari kutoka nje. Kwa nini wilaya isivifanye?

MUUGUZI: Swali la haki. Na kipo kimoja ambacho hukukitaja, tunaweza kuanza nacho kesho. Kila mtoto wa huku anakuja kliniki kwa chanjo: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14. Anapimwa uzito, anachomwa, anaandikiwa kadi. Hakuna anayeagizwa kumwangalia mboni. Kifaa kidogo cha mkononi cha Arclight, kilichobuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews, kinachajiwa kwa jua na kinaonyesha kama mwanga unarudi mwekundu kutoka ndani ya jicho au la. Kila jicho, sekunde chache. Lisiporudisha wekundu, mtoto anaandikiwa rufaa siku hiyohiyo, wala hatusubiri homa. Binti wa huyu mama angegunduliwa kwenye moja ya ziara hizo.

MZEE: Hapo nakufuata, kwa sababu hiyo ni njia ileile ya sindano. Mtu aliyekwisha kuja kwa jambo moja, anaangaliwa na la pili. Ongeza neno: wapangaji wa safari waangalie kalenda ya ziwa. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi umefungwa. Miezi hiyo huku hakuna mwenye fedha, hata ya soda. Rufaa ikiangukia Januari, nauli isiporudishwa papo hapo, mtoto haendi.

MWALIMU: Na majina ya watoto wa rufaa yahesabiwe kwa jinsia. Kule Moshi wavulana waliofikishwa kwa upasuaji walikuwa wengi kuliko wasichana, na ugonjwa hauchagui hivyo. Mzazi mwenye nauli ya mara moja ndiye anayechagua.

Hapa nafunga, na kiongozi wa mjadala anaruhusiwa kutoa hukumu yake. Hoja kama ilivyoletwa imeanguka, na iliyoiangusha ni sehemu yake ya mwisho: "kwa utaratibu uliopo". Utaratibu uliopo unalipia saa moja ya chumba cha upasuaji na kumwachia mkimbizi au mke wa mvuvi miaka inayofuata. Kwa mtu mzima saa ile inatosha. Kwa mtoto haitoshi, na kuripoti saa ile kama uoni uliorudi ni kuwahesabu watu ambao bado hawajaona.

Wala hoja ya Mzee, pamoja na ukweli wake wote, haiwezi kutumiwa kumnyima binti huyu. Chanjo ya rubela na upasuaji wa Kitwe havigombei fungu moja kwa lazima. Vinagombea pale tu tunapokubali kwamba mtoto asiyekufa hastahili fedha ya umma.

Mzee alibaki na msimamo wake kwamba kwacha ya kwanza ni ya kinga. Mtu wa shirika alibaki na hofu kwamba bila picha wafadhili watahama. Sikuwashawishi, na sidhani ilikuwa lazima. Lakini wote watano walikubaliana kuhusu kipimo: shirika likija Nchelenge kwa ajili ya watoto, ripoti yake isiandike wangapi wamepasuliwa. Iandike wangapi, miaka mitatu baadaye, wameonekana kliniki wakiwa na miwani inayowafaa, wavulana na wasichana, wenyeji na wa Mantapala, na ni nani mwenye mshahara wa kuwafuatilia waliokosekana.

Shirika lisiloweza kuahidi hayo lisifukuzwe. Lina wazee wengi wa kuwafungulia macho wiki moja, na wazee hao wataona kesho yake. Kwa watoto, fedha zake zipelekwe Kitwe, na kwenye basi la kwenda na kurudi.